Ushauri wa kozi kwa waliomaliza kidato cha nne, Nakuru mjini: tulichopata kwa shilingi 3,500

Nianze na uamuzi wangu ili asiye na muda asome hapa aende zake: huduma ni nzuri, pesa yako utaiona ilikoenda, na ningekuwa na mtoto mwingine wa kidato cha nne ningempeleka kesho asubuhi. Malalamiko ninayo pia, mawili kati yao mazito, na nitayasema yote kwa sababu Mwalimu anayeiendesha huduma hii anaweza kufanya vizuri zaidi ya anavyofanya sasa.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule karibu na Top Market, na binti yangu alifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, mwaka wa 2024. Matokeo yalipotangazwa tarehe 9 Januari 2025 alikuwa na B-. Mwaka huo watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, kama robo tu ya waliofanya mtihani, kwa hiyo tulijua tumebarikiwa. Tukachinja kuku. Kabla mifupa haijaondolewa mezani vita vikaanza. Mjomba wake alitaka sheria. Baba yake alitaka uuguzi kwa sababu, anavyosema, wagonjwa hawakosekani duniani. Shangazi alipiga simu kutoka Eldoret kusema ualimu, na kwamba asiambiwe habari nyingine. Binti mwenyewe akiulizwa anasema, "Yoyote tu."

Jibu hilo lilinitia hofu. Kijana wa jirani yetu alijibu hivyo hivyo mwaka uliotangulia, akapelekwa saiba, duka la intaneti, na mhudumu wa saiba akamjazia kozi zote huku foleni inamsukuma mgongoni. Sasa yuko chuoni anasomea kitu ambacho hawezi kumweleza mama yake ni kazi gani kitazaa. Mama huyo ni mteja wangu. Ananisimulia akiwa ameshika sketi ya mdogo mtu, na machozi yanamlengalenga.

Mteja mwingine ndiye aliyenielekeza kwa Mwalimu. Mwalimu ameniomba nisiandike jina lake wala namba yake, maana mtandao wa KUCCPS, lile shirika la kugawa nafasi za vyuo, ukifunguliwa watu humpigia hata saa nane za usiku. Ofisi iko barabara ya nyuma ya Kenyatta Avenue, orofa ya pili, ngazi zinapandia kando ya duka la pembejeo. Ukimuuliza mlinzi pale chini "mshauri wa kozi yuko wapi" atakuonyesha. Ni chumba kimoja chenye ubao mweupe, viti vya plastiki na kabati la faili lisilofunga vizuri. Mwalimu alifundisha kemia miaka mingi, akawa pia ndiye anayeshauri wanafunzi kuhusu kozi na kazi katika shule ya bweni hadi alipostaafu. Anafanya kazi na dada mmoja ambaye zamani alikuwa akiajiri watu katika shamba la maua Naivasha. Wanafaana sana wale wawili. Mwalimu anajua masharti ya kila kozi bila kufungua kitabu. Dada anajua ni nani huitwa kazini na nani barua yake hurudishwa kwenye bahasha.

Jambo la kwanza walilofanya ni kututoa nje wazazi. "Mtusubiri hapo kwenye benchi, tafadhali, tunahitaji saa moja na watoto." Mjomba mtu akasema yeye ndiye atakayelipa karo. Mwalimu akamjibu kwa upole, "Najua, mzee wangu, na Mungu akuzidishie. Lakini darasani ataingia peke yake." Mjomba akatoka. Naliandika hili kwa sababu ndilo lililonifanya nimwamini yule mtu. Katika familia zetu mtoto wa miaka kumi na minane hapati nafasi ya kusema anachopenda mbele ya anayemlipia, na anayemlipia hadhani kama amemnyamazisha.

Ndani walipewa kwanza dodoso la mapendeleo kwenye simu. Linatokana na kazi ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka wa 1959 aligawa watu na kazi katika makundi sita: wapenda mikono na mashine, wapenda kuchunguza, wenye sanaa, wapenda kuhudumia watu, wenye kushawishi na kuongoza, na wapenda utaratibu wa hesabu na kumbukumbu. Kwa makundi sina neno. Shida ni maswali. Moja lilimuuliza binti yangu kama angefurahia kuandaa maonyesho katika jumba la sanaa. Hajawahi kuingia jumba la sanaa, sasa ajibu nini? Nilimwambia Mwalimu waziwazi baadaye: waulizeni kama wangeweza kukaa na mgonjwa asiyelala, au kama wangependa kufunga hesabu ya duka la agrovet jioni, au kama pampu ya maji ikikwama mkono unawasha kuifungua. Alikubali, akasema wanaandika maswali yao wenyewe. Waharakishe. Na data ya kufungulia dodoso iwe yao, kwa sababu kuna watoto waliokuja na simu ya kuazima isiyo na kitu.

Kilicholiokoa dodoso ni mazungumzo yaliyofuata. Dada alimuuliza kila mtoto ni kazi gani aliyowahi kuifanya nyumbani hadi akasahau kula. Binti yangu akaeleza mambo ambayo mimi mamake sikuwa nimeyasikia. Kwa bibi yake, Njoro, likizo zote alikuwa anagandisha mala na kuiuza, na alikuwa na daftari anamoandika ni siku gani imeharibika na kwa nini. Aligundua kibuyu kilichooshwa kwa maji ya moto hukaa na mala nzuri kuliko kilichosuuzwa tu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mwalimu akaliandika jambo hilo ubaoni juu ya alama zake, na kila tuliporudi kwenye mabishano alikuwa analigonga kwa kalamu.

Sasa hesabu. Hapa ndipo wazazi wengi tunapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Alama za binti yangu: Kiswahili B+, Kilimo B+, Biolojia B, Kiingereza B-, Jiografia B-, Hisabati C, Kemia C. A ina pointi 12 na E ina 1, kwa hiyo masomo saba yakijaa ni 84. Yeye alikuwa na 57. Tulidhani hiyo B- ndiyo kila kitu. Kumbe KUCCPS, shirika lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, linapanga kozi katika makundi yanayoitwa klasta, na kila klasta ina masomo yake manne. Pointi za masomo hayo manne zinaunganishwa na zile za jumla, na zinazopatikana hazizidi 48. Kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kuwa na nguvu katika klasta moja na kuwa dhaifu katika nyingine, ingawa B- ni ile ile. Mtoto akiingia kwenye akaunti yake ya KUCCPS anaziona zote zimeshapigwa. Mwalimu hakutaka waanze na hapo. Aliwapa kalamu wakakaa wakapiga wenyewe, ili wajue namba ile imetoka kwenye masomo gani.

Kisha akachukua ndoto za ukoo wetu moja baada ya nyingine. Shahada ya uuguzi inataka C+ katika kemia. Binti ana C. Mlango umefungwa, na hakuna mtu wa kumhonga. Stashahada ya uuguzi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inataka C ya jumla, na hiyo ingewezekana. Siku hizi hata nafasi za KMTC zinaombwa kupitia KUCCPS. Ualimu wa sekondari: TSC, tume inayoajiri walimu, inataka C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili ya kufundisha. Biolojia na Kilimo anazo, kwa hiyo shangazi wa Eldoret alikuwa na haki ya kuongea. Sheria inataka C+ ya jumla na B ya Kiingereza au Kiswahili. Mjomba aliposikia B+ ya Kiswahili aliketi wima kabisa.

Hapo Mwalimu akaeleza jambo ambalo kila mzazi wa Nakuru anapaswa kulisikia. Sharti la kuingia ni kitu kimoja na alama ya mwisho ya kuingia ni kitu kingine. Sharti limeandikwa na halibadiliki ovyo. Alama ya mwisho haipangwi na mtu yeyote mwanzoni. Ni alama ya yule mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi katika kozi ile, chuo kile, mwaka ule. Wakiomba wengi wenye B+ na A-, inapanda. Sheria huombwa na wengi wenye alama kubwa. "Anaruhusiwa kuomba," alisema, "lakini akiiweka chaguo la kwanza, la pili na la tatu, anaweza kukosa zote." Mjomba hakubishana tena. Alitoa daftari lake dogo la mfukoni akaandika.

Dada akaongeza la kwake: jina tamu la kozi lisiwadanganye, ulizeni kama bodi ya taaluma inaitambua. Kozi ya uhandisi inatazamwa na bodi ya wahandisi, ya sheria na baraza la elimu ya sheria, ya uuguzi na baraza la wauguzi. Mtu anaweza kusoma miaka minne akavaa joho, kisha bodi ikakataa kumsajili. Yeye amewaona watu hao wakija na vyeti vyao kuomba kazi ya kuchuma maua.

Yote hayo ungeweza kuyapata kwa mwalimu mzuri wa shule, kama shule yako inaye na ana muda. Kitu ambacho sikukiona mahali pengine ni siku za kuona kazi, na ndizo zilizonifanya nikae usiku huu niandike.

Baada ya mazungumzo kila mtoto hutajiwa kazi mbili tatu zinazomwelekea, halafu wao wawili hupiga simu kwa watu wanaowajua na kumtuma mtoto akashinde pale. Binti yangu alitumwa wodini nusu siku. Alirudi amekata kauli kwamba uuguzi si wake, na haikuwa kwa sababu ya damu. Alikaa na muuguzi aliyekuwa anamaliza zamu ya usiku, akamwona anaandika faili ya mwisho huku macho yanafunga, akasema, "Mama, huyu anaipenda kazi yake na bado anachoka hivi. Mimi siipendi, itakuwaje?" Baba yake alikuwa amesimama mlangoni akasikia. Habari za uuguzi zikaishia hapo.

Kisha akatumwa kwenye kituo cha kupokelea maziwa upande wa Molo. Ilibidi aondoke giza halijatoka, akalala kwa bibi Njoro ili awahi. Anayepima maziwa pale ni mwanamke, koti jeupe na buti za mpira. Pikipiki zinafika na mitungi, yeye anafungua kifuniko, ananusa kwanza. Kisha anachota, anamimina kwenye mrija mrefu, anatumbukiza laktomita kuona kama kuna mtu ametia maji. Kisha anachukua kikombe kidogo cha kioo, anatia maziwa kidogo na alkoholi kiasi hicho hicho, anatikisa taratibu na kukiinua kwenye mwanga. Yakibaki laini yanateremka ukutani mwa kikombe kama kawaida, mtungi unapita. Yakishika chembechembe, maziwa yale yameanza kuchacha, na yakipelekwa kwenye moto wa kiwanda yatakatika na kuharibu ya watu wote waliomwaga humo.

Akaja mzee mmoja, mtungi umefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, ametoka mbali. Kikombe kikashika chembechembe. Mzee akasema amekamua alfajiri hii hii, kwamba wanamwonea kila siku. Yule mwanamke hakupandisha sauti. Akarudia kipimo mbele yake, akampa kikombe akishike mwenyewe, akasema, "Mzee wangu, angalia. Ya jioni umechanganya na ya asubuhi?" Mzee akanyamaza. Ndiyo, ya jioni yalikuwa yamelala kwenye mtungi huo huo. Akaelezwa ayaweke mbali, mtungi wa jioni aukalishe kwenye maji baridi usiku, na aoshe kifuniko kwa maji ya moto, kwani mafuta hujificha pale kwenye mkunjo. Alirudi na maziwa yake, lakini kesho yake, binti anasema, yule mwanamke alimtumia ujumbe kwamba mzee ameleta mitungi miwili na yote imepita.

Binti yangu hakulala usiku huo kwa maneno. Mtoto aliyekuwa anasema "yoyote tu" alikaa kitandani pangu ananieleza habari za bakteria na joto na kwa nini kibuyu cha bibi yake kilikuwa kinafanya vile. Alikuwa amemuuliza yule mwanamke kila kitu: alisomea wapi (Dairy Training Institute ya Naivasha, stashahada), analipwa kiasi gani, anachukia nini katika kazi yake. Alijibiwa yote, hata la mshahara. Mwalimu huwapa watoto maswali hayo kwenye karatasi na huwaambia wasione haya. Ni maswali ambayo sisi watu wazima hatuulizani, halafu tunawaambia watoto wachague.

Alipoomba, aliweka kozi za chakula, maziwa na kilimo mbele, za Egerton na za vyuo vingine, na ualimu nyuma kabisa ili shangazi apate usingizi. Ada ya KUCCPS ni shilingi 1,500, unalipa kupitia eCitizen, na Mwalimu alihakikisha kila mtoto amebonyeza mwenyewe. Alipata Egerton, kule Njoro, chuo kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo, na wikendi akitaka anakula kwa bibi yake. Waliokosa nafasi katika kundi letu Mwalimu aliwaita tena dirisha la kurekebisha lilipofunguliwa, bila kuwatoza kitu cha pili. Hilo nampa sifa kubwa.

Sasa malalamiko.

La kwanza linanigusa mimi mwenyewe. Katika kundi letu walikuwako vijana watatu wenye D+ na D. Walisikilizwa, ndiyo, lakini mwishoni kabisa, wakati wengine wanavaa majaketi. Walipewa orodha iliyochapishwa ya kozi za ufundi na kuambiwa, "Na nyinyi bado mna nafasi." Hakuna aliyewauliza walisahau kula wakifanya nini. Hakuna aliyewatuma kwenye karakana wakashinde. Jamani, kwa nini? Mimi nimesomesha mtoto kwa cherehani. Nilifanya majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, nikapanda daraja hadi daraja, na mtihani ule hauulizi KCSE yako, unauliza kama mshono wako umenyooka. Cheti cha ufundi katika vyuo vya kati kinataka D, na kozi za daraja la chini yake zinapokea mwenye cheti cha KCSE hata kama ni E. Hapa Nakuru tuna vyuo vya ufundi kama KITI na Rift Valley National Polytechnic, kile kilichoitwa RVIST. Kaunti hii hii ina Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, na mvuke wa pale unapita kwenye mabomba ambayo lazima yachomelewe na mtu anayejua, kwa sababu mshono ukivuja watu wanaungua. Hiyo kazi inahitaji akili na mazoezi kama kazi nyingine yoyote. Mtoto wa D aliyepelekwa kumwona mchomeleaji hodari akiwa kazini asubuhi nzima angerudi nyumbani na maneno kama ya binti yangu. Nimemwambia Mwalimu karakana yangu iko wazi, amlete yeyote anayetaka kuona sare inavyokatwa na kwa nini kitambaa cha bei rahisi kinakula faida yako. Amesema ataleta. Nangoja.

La pili ni pesa. Saa nzima nzima zilikwenda kwenye klasta, lakini habari ya nani atalipa ilipewa dakika chache za mwisho na tena nilipouliza mimi. Kupata nafasi ya KUCCPS si kupata ufadhili. Tangu 2023 mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma anaomba ufadhili na mkopo kando, kwa maombi mengine kabisa, na kinachobaki ni cha familia. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ipo tangu 1995 na bado kuna wazazi wanaodhani inakuja yenyewe ukishaitwa chuo. Mzazi anahitaji kujua kabla ya kuchagua kama kozi ni ya miaka minne au sita, kama kuna vifaa vya kununua, kama hosteli ni ya ndani au ya kupanga nje. Kozi ya bei kubwa inaweza kuwa sawa kabisa kwa mtoto, ila nyumba ikaingia madeni kwa kutojua tu. Leteni mtu wa kueleza hayo, hata kwa nusu saa, na wazazi tuwe ndani siyo kwenye benchi.

Madogo: hakuna choo cha wageni, benchi ni moja na msimu ukipamba watu hukaa kwenye ngazi, na wakati wa msimu makundi yanakuwa makubwa mno. Ukitaka kusikilizwa nenda mapema, kabla mtandao haujafunguliwa.

Kubwa kuliko yote silaumu ofisi hii, maana si kosa lao: huduma inakuja mtoto ameshafika mwisho. Msichana mmoja tuliyekuwa naye anataka uhandisi wa umeme tangu utotoni. Shule yake ya kutwa haina maabara ya maana, na walipoingia kidato cha tatu waliambiwa waache fizikia. Hakuna aliyemweleza kwamba klasta ya uhandisi haina mlango wa kuingilia bila fizikia. Alipoliona ubaoni, alilia bila sauti, na Mwalimu aliacha kila kitu akakaa naye pembeni hadi wakapata njia ya kuanzia cheti na kupanda. Njia ipo, lakini ni ndefu, na angeweza kuepushwa nayo na mtu mmoja wa kusema neno miaka miwili kabla.

Ndiyo maana nataka wenye watoto wadogo wasome hapa pia. KCSE ya mwisho ni ya 2027. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeanza sekondari ya juu Januari 2026, na hao wamechagua mkondo wakiwa Gredi ya 9, watoto wa miaka kumi na minne, kumi na mitano: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Hata hisabati sasa ni ya aina mbili, kuna ile ya wanaokwenda STEM na nyingine nyepesi ya wengine. Anayechagua vibaya pale atakutana na mlango uliofungwa kama yule msichana, tena mapema zaidi. Mwalimu ameanza vikao vya wazazi wa Gredi ya 9, shilingi 500 kwa familia, Jumamosi mchana baada ya kundi la asubuhi. Nimehudhuria na jirani yangu. Bado havijakaa vizuri: anaongea nasi kana kwamba sisi ni walimu, mikato mingi ya maneno, na watoto hawajaanza kutumwa kuona kazi. Lakini maswali ya wazazi yanajibiwa hadi mtu wa mwisho.

Kwa anayekwenda: 3,500 ni ya waliomaliza kidato cha nne, yaani dodoso, kikao cha klasta, siku mbili za kuona kazi na kuketi naye wakati wa kuomba. Nauli ya kwenda kuona kazi ni yako. Wanakubali ulipe mara mbili, na risiti wanatoa. Beba karatasi ya matokeo, namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa na simu yenye chaji. Fika kabla ya saa tatu asubuhi Jumamosi. Mtoto mwenye D mpeleke pia, na useme mlangoni kabisa kwamba yeye naye unataka atumwe akaone kazi. Tukisema wengi watalifanya.